Chenga Aliyokula Derrick Ogley

Katika mji wa Ackley, kaskazini mwa Uingereza, wapo watoto wasiojua bibi yao alizaliwa wapi, lakini waulize Derrick Ogley alikula chenga wapi, watakuonyesha hadi upande wa uwanja. Nusu fainali ya Kombe la raga, mwaka themanini na sita, zimebaki dakika nne, Ackley wako mbele kwa pointi mbili. Lenny Hepworth, mchezeshaji wa Skelbrough, anaukimbilia mstari wa walinzi na mpira mikononi. Anaunyoosha kama anayempasia mwenzake wa nje. Derrick anageuka kumfuata huyo wa nje. Pasi haitoki. Lenny anaupakata mpira wake, anapita kwenye pengo lililobaki, anakwenda kuuweka chini katikati ya milingoti. Na alikwenda akitembea. Kufungwa Ackley wangesamehe, lakini kule kutembea hawajakusamehe mpaka leo.

Skelbrough ni maili nne tu kutoka Ackley, na kwa miaka ishirini na sita Derrick hakuzivuka maili hizo. Ndiyo maana Jumapili ile, saa saba mchana, Hazel Ogley alipofungua mlango wa kwao na kumwona Callum, mtoto wa Lenny Hepworth, amesimama kizingitini na maua ya kumpa mama mwenye nyumba mkononi na tai shingoni, alichungulia kwanza barabarani kama kuna jirani anayewaona.

"Umevaa tai," alisema.

"Nimeivua mara mbili njiani."

"Mbona unayo?"

"Nimeivaa mara tatu."

Hazel alicheka bila kutaka, akamnyoosha kola. Alikuwa kijana mrefu mwenye pua iliyovunjika na kupona vibaya, namba sita, mchezeshaji wa Skelbrough kama baba yake, na macho yake yalijulikana mkoa mzima wa Yorkshire. Akitazama kushoto, mpira umekwenda kulia. Uwanjani alimkazia mlinzi macho bila kupepesa, na macho yale yalikuwa yanadanganya. Lakini Hazel, aliyemfahamu tangu alipoletwa na dole gumba lililovunjika katika chumba cha plasta cha hospitali alikofanya kazi, alijua jambo ambalo walinzi hawakulijua. Callum alipokuwa na la kweli la kusema, alishindwa kukutazama. Aliangalia viatu, dirisha, kikombe. "Nakupenda" yake ya kwanza aliiambia birika la chai.

Alhamisi alikuwa apande ndege kwenda Sydney, kwenye mkataba wa miaka miwili na klabu kubwa. Alimwomba Hazel waoane wafuatane. Hazel alikubali, kwa sharti moja ambalo halikumpa usingizi wiki nzima. "Mimi sitoki kwetu kwa mlango wa uani," alimwambia. "Baba yangu akikupa mkono, nabeba sanduku. Asipokupa, utakwenda peke yako, na mimi nitalia, lakini sitakuja." Hakuwa akitishia. Alikuwa Ogley, na Ogley wakishasema wamesema.

"Yuko vipi leo?" Callum alinong'ona.

"Amenyoa ndevu. Sijui ni dalili nzuri au mbaya."

Sebuleni meza ilikuwa tayari. Mama yake Hazel, Noreen, aliyapokea maua, akayanusa, akasema yatafaa kuficha ufa wa jagi. Karibu na dirisha alikaa mjomba Keith, kaka yake Noreen, mtu wa kicheko aliyecheza bega kwa bega na Derrick miaka tisa. Kichwani mwa meza alikaa Derrick mwenyewe, mabega bado mapana kama kabati, vidole vina chokaa. Siku hizi alikuwa akichora mistari ya uwanja wa vijana wa Ackley kila Jumamosi, na mistari yake ilikuwa imenyooka kuliko ya mtu yeyote kaskazini. Hakuinuka.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye huyu, baba."

"Amefanana na Lenny."

"Siyo pua," alisema Keith. "Pua ya Lenny ilikuwa nzima. Hakuna aliyewahi kuifikia."

"Keith, kula," alisema Noreen.

Walikula pudini kwanza, ile ya unga na mayai isiyo na sukari, na mchuzi juu yake, kama inavyoliwa nyumba hiyo. Callum alimaliza yake akaomba nyingine. Noreen alimwongeza kwa haraka ya mama aliyekwisha kuridhika, na Hazel akahesabu kura moja. Ilipoletwa nyama na viazi vya kuoka, Derrick aliweka uma chini.

"Hepworth, mimi sina ugomvi na wewe. Ulipofunga kwenye mchezo wa mwisho wa msimu nilikuwa naangalia, na nilisema mbele ya watu kwamba ni mpira mzuri."

"Ulisema 'si mbaya,'" alisema Noreen.

"Kwangu hiyo ni sifa. Lakini tuelewane. Wewe kazi yako ni kudanganya watu kwa macho. Ndiyo inayokuvusha bahari. Mtu anatazama huku mpira anaupeleka kule, halafu aje kuniambia binti yangu ni wa moyo wake. Nitajuaje kama anatazama huku au kule? Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Hazel alihisi joto likimpanda masikioni. Alifungua mdomo, lakini Callum alimgusa mkono chini ya meza. Hakumtazama Derrick. Aliongea na kiazi.

"Mzee Ogley, kudanganya ni robo tu ya kazi. Hata si robo. Chenga bila sababu haimwangushi mtu."

"Na sababu ni ipi?"

"Hesabu. Wao wako kumi na watatu, sisi kumi na watatu. Tukiukimbiza mpira moja kwa moja tutakabwa mara sita, sheria itatutaka tuwape mpira, twende nyumbani. Kwa hiyo nawavuta kati kwanza. Mara ya kwanza nampa jitu letu kubwa apige kati, waje watatu kumwangusha. Mara ya pili nampa jitu la pili, palepale. Hao waliokaba wanatakiwa wainuke warudi nyuma wajipange. Mimi mpira siuangalii kabisa. Naangalia wanavyoinuka."

"Unatafuta nini?" aliuliza Keith.

"Mmoja. Siku zote yupo mmoja. Ameshika kiuno, au anamwuliza mwenzake jambo, au amerudi hatua mbili nyuma ya wenzake. Nikimpata huyo, mchezo wote naujenga juu yake. Nawaweka wakimbiaji wawili, mmoja apite karibu nami, mmoja apanue kwenda nje, nawafanya walinzi wa jirani wachague. Watu wakiwa majukwaani wanasema nimempiga chenga fulani. Sijampiga mtu chenga. Nimeona mlango umeachwa wazi, nikapita."

Alisema yote hayo taratibu, bila kujigamba, vidole vikisogeza njegere kwenye sahani, na Hazel alijaa fahari hadi akaogopa itaonekana. Hakuwa amempenda kwa sababu ya jezi. Wavulana wenye jezi Ackley walikuwa tele. Alimpenda kwa akili hii ya kuona watu ishirini na sita kwa pamoja na bado kukumbuka kwamba Hazel hanywi chai ya sukari. Alimtazama mama yake, na Noreen akamkonyeza.

Derrick akasogeza bakuli la mchuzi pembeni, akafuta kitambaa cha meza kwa kiganja.

"Nionyeshe," alisema.

"Nikuonyeshe nini, mzee?"

"Themanini na sita. Kwenu mkanda wa mchezo ule najua mnao. Najua mnaucheza kila Krismasi. Basi nipangie hapa mezani namna nilivyoliwa."

"Derrick," alisema Noreen.

"Mwache. Anaoa humu, atakuwa anasikia wimbo huo dukani kila akija. Na aanze kwa kuuimba mbele yangu."

Hazel aliufahamu wimbo huo. Alikuwa tumboni mwa mama yake siku ya mchezo, lakini alipofika shule ulikuwa ukimsubiri langoni. *Derrick, umeshiba?* Waliuimba hivyo, wakishika matumbo. Alipokuwa na miaka minane alimpiga mvulana mmoja ngumi ya mdomo, na baba yake alipoitwa shuleni aliomba radhi kwa niaba yake, akamshika mkono wakarudi nyumbani, na njiani akamnunulia chipsi. Hakujitetea hata siku moja. Hazel alikuwa akijiuliza maisha yake yote ni mtu wa namna gani anayeweza kubeba aibu kwa adabu namna ile.

Callum aliinuka. Alichukua kopo la haradali, akaliweka katikati.

"Huyu baba yangu."

"Anamfaa," alisema Keith. "Kidogo lakini anawasha."

Kijiko kikawa mkimbiaji wa nje, uma mkimbiaji wa ndani. Njegere moja ikawa mpira. Kichupa cha chumvi alikiweka mbele yao, wa tatu kutoka ukingo wa meza, ambao ndio mstari wa pembeni.

"Huyu wewe, mzee."

"Na wa ndani yangu?"

Callum alishika kichupa cha pilipili manga. Wa ndani ya Derrick siku ile alikuwa Keith, kila mtu mezani alilijua hilo, na mlinzi wa ndani ndiye mwenye jukumu la mtu mwenye mpira. Kichupa kilikaa hewani mkononi mwake kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akakiweka sambamba na chumvi, mstari mmoja, karibu kabisa.

"Huyu mjomba. Basi baba anakuja hapa. Ananyoosha mpira nje. Chumvi inageuka." Akaigeuza. "Anabaki nao. Anapita kwenye pengo la chumvi."

"Kwa hiyo kosa ni la nani?" aliuliza Derrick.

"La chumvi, mzee. Ulikula chenga."

Hazel alimtazama mchumba wake. Callum alikuwa amemkazia Derrick macho. Hakupepesa. Hakuangalia kiazi, wala dirisha, wala kikombe. Kwa mara ya kwanza tangu amfahamu, alikuwa akitumia mezani macho yake ya uwanjani.

"Callum," Hazel alisema polepole, akiinuka. "Pilipili haikuwa hapo."

"Ilikuwa hapo."

"Unadanganya."

"Hazel, kaa," alisema baba yake.

"Sikai, baba. Ulimwuliza utajuaje kama anatazama huku au kule. Mimi najua. Sasa hivi anadanganya, na anajidhuru mwenyewe, kwa sababu anajua ukisikia hivyo hutampa mkono. Nataka kujua anamdanganyia nani."

Callum aliinamisha kichwa. "Mkanda wenyewe ni wa zamani," aliliambia kopo la haradali. "Picha mbovu. Sikuona vizuri."

"Umeutazama mara ngapi?"

Aliyejibu ni mjomba Keith. Alinyoosha mkono wake mzito juu ya viazi, akakishika kichupa cha pilipili, akakirudisha nyuma nafasi ya vidole vinne, mbali na mstari, pembeni kidogo, mahali ambapo hakikuwa kikimlinda mtu yeyote.

"Nilikuwa hapa," alisema. "Na nilikuwa naona milingoti minne badala ya miwili."

Hakuna aliyecheka, wala yeye.

"Keith, tulikubaliana," alisema Derrick.

"Tulikubaliana nikiwa na miaka ishirini na mitatu. Sasa nina arobaini na tisa na nimechoka kula kwenye meza hii." Akamgeukia dada yake. "Dakika kumi kabla ya hapo nilipigwa goti la kichwa, Noreen. Nikaanza kuona viwili viwili, halafu jicho la kulia likafunga giza. Derrick aliona. Aliniambia nitoke, nikamshika jezi nikamwomba asimwambie kocha. Nusu fainali. Mke wangu alikuwa jukwaani, baba alikuwa jukwaani. Akaniachia. Lenny alipokuja sikumwona kabisa, alikuwa upande wa giza. Derrick alimfuata mtu wake wa nje kama alivyofundishwa. Hakula chenga ya mtu. Mwenye mpira alikuwa wangu."

Noreen aliweka kitambaa chake juu ya sahani yenye chakula. "Miaka ishirini na sita," alimwambia mumewe. "Nimesimama kwenye foleni ya bucha wakikuimba nyuma yangu, nikarudi nyumbani nikakupikia, nikajiambia basi, mume wangu si mwepesi wa akili lakini ana moyo. Na wewe ukaniacha niamini hivyo."

"Ningekwambia, ungemchukia kaka yako."

"Ningemchukia wiki moja."

"Klabu ingemwacha kwa wiki hiyohiyo," alisema Derrick. "Na kosa ni langu pia. Mtu haoni, nami nikamwacha uwanjani kwa sababu nilitaka fainali. Nilistahili kuimbwa kidogo."

"Kidogo," alisema Noreen, na machozi yakamtoka pamoja na kicheko ambacho hakukitaka. Aliinuka akapita nyuma ya kiti cha Keith, akampiga kofi la kisogo, kisha akakibusu kisogo hichohicho, akaenda jikoni kuchemsha maji.

Hazel aliketi. Ngumi ile ya mdomo wa mvulana, chipsi zile, ukimya wote ule wa njiani. Alikuwa amempenda baba yake kwa huruma kidogo maisha yake yote, na leo aliionea haya huruma ile. Alimtazama mzee yule mwenye chokaa vidoleni akatamani wote waliomwimba wapangwe barabarani wamwone.

Derrick hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Callum.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu nina miaka kumi na miwili." Sasa Callum alikuwa akiongea na kitambaa cha meza. "Nilikuwa najifunza kuhesabu walinzi. Nikaona mmoja hayupo. Nikamwuliza baba."

"Akasemaje?"

"Akiwa amelewa anasema: Sikumpiga Ogley chenga, Ogley alikuwa sahihi, mimi nilipita mlango ulioachwa wazi."

"Na akiwa hajalewa?"

"Anasimulia ile mnayoisikia."

Keith alitoa sauti fupi ya pua.

"Sasa niambie," alisema Derrick. "Umekuja kwangu kuomba binti. Ulikuwa na neno moja la kunifurahisha kuliko yote ambayo mtu angeweza kuniambia, na ulikuwa nalo mkononi, ndani ya kichupa cha pilipili. Kwa nini hukulisema?"

"Mjomba alikuwa mezani."

"Basi?"

"Basi, mzee. Nilijua kama umenyamaza muda wote huo, si mimi wa kuja kulisema nikiwa na pudini yako mdomoni. Nikikosa mkono wako nimekosa. Lakini nikiupata kwa kumwaibisha mjomba wake, Hazel angenitazamaje?"

Noreen aliingia na birika, akasimama nalo mlangoni, hakuthubutu kusogea. Hazel hakuomba. Lolote ambalo baba yake angesema, alijua kwamba amekaa meza moja na wanaume watatu ambao asingembadilisha hata mmoja.

"Mlete Lenny Jumanne," Derrick alisema hatimaye. "Aje na mama yako, wavae vizuri, waje kama wazazi wanavyokuja. Noreen atapika."

"Nitamwambia aseme ukweli mbele ya—"

"Hutamwambia kitu. Hatutauzungumza mchezo ule. Akitaka kuisimulia chenga yake mezani kwangu, asimulie, nami nitamwongeza viazi. Keith bado ananunua magazeti katika mji huu, na watoto wake pia. Ackley waimbe wapendavyo. Nilikuwa na mtu mmoja anayejua, na leo nimepata watatu, na mmoja wao ni binti yangu. Mimi sina ninachodai."

Ndipo akainuka. Ilimchukua muda, magoti hayakuwa ya mchezo tena. Alinyoosha mkono juu ya haradali na chumvi, na Callum akaushika kwa mikono miwili.

"Lakini sikiliza, mwanangu," alisema, bila kuuachia. "Huko Sydney ukimwona mtu amerudi hatua mbili nyuma ya wenzake, pita. Usimwonee huruma hata kidogo. Huruma iache kwa watu wa nyumbani, kama ulivyofanya leo."

"Ndiyo, mzee."

"Niite baba. Na unitazame."

Callum aliinua macho akajaribu. Alifika hadi kifungo cha pili cha shati la Derrick, akakwama hapo, masikio yamewiva. Hazel alianza kucheka na kulia kwa pamoja. Derrick alimgeukia.

"Ndivyo alivyo huyu?"

"Ndivyo alivyo, baba."

"Basi ni mkweli," alisema Derrick. "Mama yako akusaidie kufunga sanduku."